Funza Shingoni mwa Bibi Harusi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilivyofukuzwa ukarani kwa kulala usingizi juu ya mafaili, mke wangu akarudi kwao na kitanda chetu, nami nikaangukia mlangoni kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, nikiwa na sanduku moja na koti lisilo na vifungo. Aliyeingia leo hajakosa kitu. Hayo yalikuwa mabaya niliyotendewa. Leo nasimulia baya nililotenda mwenyewe, na kama una sahani mbele yako, maliza kwanza kula.

Shangazi ni fundi wa mapambo. Hanunui shanga dukani. Huokota: mbegu zilizoanguka chini ya miti, magamba matupu ya konokono, mifupa iliyotupwa nyuma ya machinjio. Vyote hivyo huvisafisha, huvitoboa na kuvitunga, mpaka mtu akivivaa unadhani vimetoka kwa sonara. Miaka arobaini ametandika mkeka pembeni mwa barabara ya sokoni, na wateja wanamjua kwa jina moja tu, Mama Mbegu.

"Kaa ule, Karani," aliniambia siku nilipofika, na tangu hapo hilo ndilo jina langu mle ndani. Hakuuliza nimekosa nini huko nilikotoka. Siku ya tatu akanipa keekee ya mkono, akanionyesha namna ya kutoboa.

Niseme ukweli, kazi ile ilinitia kinyaa. Mifupa huchemshwa kwenye pipa uani, na ikichemka hutoa povu la kijivu na mafuta yanayonata mpaka kwenye nyusi. Harufu yake ililala nami ikaamka nami. Magamba ya konokono lazima uyakung'ute, na si kila konokono anakuwa amehama. Nilikula kwa mifupa ile, nikavaa kwa mifupa ile, na bado nikaitemea mate. Fadhila za punda ni mashuzi, nami nilikuwa punda kamili, na masikio yake.

Kitu kimoja tu sikukichukia, kokwa za ukwaju. Ukizisugua kwa kitambaa na tone la mafuta, hung'aa rangi ya kahawia nzito, na hazinuki. Ajabu ni kwamba Shangazi aliziogopa hizo kuliko mifupa.

"Mfupa ukioza unakwambia," alinifundisha. "Kokwa haikwambii. Mdudu bungua anataga yai dogo kuliko ncha ya sindano, mtoto wake anaingia ndani anakula taratibu. Nje inang'aa, ndani kuna mtu anaishi."

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Kokwa humwagwa majini, zinazoelea hutupwa. Zilizozama hukaushwa juani, kisha huingia kwenye mtungi mdogo wenye kitambaa cheupe chini, zikae humo siku arobaini. Kila siku ya kumi Shangazi hukichungulia kitambaa, na kikiwa safi hufunga fundo moja kwenye uzi ulioko shingoni mwa mtungi. Mafundo manne, kokwa ziko tayari. Ukionekana unga juu ya kitambaa, hata chembe, mtungi mzima unamwagwa motoni.

Nilimuuliza kwa nini uchome mtungi mzima kwa chembe moja. Akanijibu kwamba hajawahi kumvalisha mtu mdudu, na hana mpango wa kuanza uzeeni.

Basi siku moja gari likasimama mbele ya mkeka wetu. Akashuka mama wa heshima zake, mkuu wa chuo cha ufundi cha pale mjini. Wanafunzi humwita Mkuu, nasi tukamwita vivyo hivyo. Alikuwa anamwoza binti yake baada ya wiki tatu, na alitaka mikufu kumi na miwili ya wasindikizaji, pamoja na mmoja wa nyuzi saba wa bibi harusi mwenyewe. Yote ya kokwa za ukwaju.

Kisha akasema jambo lililomfanya Shangazi aweke uzi chini. Chuoni wanaanzisha darasa la mapambo ya vitu vya asili, na wanatafuta mwalimu. Cheti hakihitajiki.

"Nataka mikono," alisema Mkuu. "Bodi yote ya chuo itakuwepo harusini. Wakiiona kazi yako shingoni mwa mwanangu, mimi sina haja ya kuhubiri."

Siku ile Shangazi alikunja mkeka mapema. Tulipokuwa tunatembea kurudi aliniuliza kama mwalimu ni lazima avae viatu vya kufunika vidole. Miaka arobaini watu walimuuliza bei tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini.

Nyumbani tulikuwa na mitungi miwili yenye mafundo manne, na wa tatu wenye fundo moja. Shangazi akapiga hesabu kwa vidole, akasema miwili inatosha, ila nitoboe polepole nisipasue. Kisha mguu wake wa kushoto ukavimba, akalala, kazi yote ikabaki kwangu.

Mimi na polepole hatujuani. Nilitoboa kama mtu anayefukuzwa, nikapasua kokwa kwa makonzi. Mikufu kumi na miwili ilipokwisha, mitungi miwili ilikuwa mitupu, na wa bibi harusi sijaugusa.

Dawa ilikuwa rahisi. Ningeingia chumbani nikamwambia nimeharibu, naye angempigia Mkuu simu amwombe nyuzi saba ziwe tatu, tukaongezea magamba ya konokono katikati. Ningekaripiwa dakika tano. Lakini nilikuwa nimekaripiwa na kila mtu mwaka ule, na dakika tano hizo nikaziona nyingi.

Nikaufungua mtungi wa tatu.

Chini, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na unga. Si mwingi. Nikakitoa kitambaa, nikakikung'utia dirishani, nikakirudisha.

Kokwa ya kwanza ilitoboka vizuri. Ya tano, keekee ilizama ghafla, na ilipotoka ilikuwa na ute mweupe nchani, mzito kama usaha wa chunusi. Nilijua ni nini. Ute ule ulikuwa bado unajikunja. Nikaupangusa kwenye suruali, nikachukua kokwa ya sita.

Palipokuwa na tundu lisilo langu nililiziba kwa nta. Juu yake nikapaka vanishi mara mbili, mpaka zikang'aa kuliko zile nzima. Na hapa msikilize vizuri, maana bado sijafika kwenye uchafu wenyewe. Nilipomaliza, nikauchukua uzi wa mtungi nikafunga mafundo matatu mengine juu ya lile moja. Niliyafunga kama ayafungavyo yeye, madogo, ya kukaza kwa meno.

"Zimetosha, Karani?" Shangazi aliuliza kutoka chumbani.

"Zimetosha," nilimjibu. "Wa bibi harusi nimeutungia za mtungi wa tatu. Nimekuta una manne."

Kisha akasema, "Manne? Haya, siku zinakimbia." Akaibariki mikono yangu.

Harusi ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wenye feni mbili, moja imekufa. Tulikaribishwa meza ya mwisho, karibu na mlango wa jiko. Shangazi alivaa viatu vya kufunika vidole, vya kuazima, vikimbana mguu ule mbovu, wala hakulalamika. Bibi harusi alipoingia watu wote wakasimama. Nyuzi saba zilimshuka kifuani ziking'aa, na wajumbe wa bodi wakaanza kuonyeshana kwa vidole. Shangazi alinishika mkono. "Ile ni yetu," alininong'oneza.

Joto likapanda. Mwili wa binadamu nao ni jiko.

Bibi harusi akaanza kujikuna. Kwanza kwa kidole kimoja, kwa adabu. Kisha kwa vidole vinne. Mpambe wake akainama amwekee mkufu sawa, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili.

Funza alikuwa ametoka. Mweupe, mnene, ananyonga kiuno, anapanda mfupa wa bega wa bibi harusi kama mwenye shughuli zake. Nyuma yake akachungulia wa pili kutoka kwenye tundu nililoliziba kwa nta, nta yenyewe imeyeyuka. Huyo hakupanda. Huyo aliangukia ndani ya gauni.

Kelele ile sitaisahau. Bibi harusi alishika nyuzi zote saba akazikata kwa mkupuo mmoja, kokwa zikamwagika sakafuni, zikavingirika chini ya meza, chini ya viatu vya bodi. Watu wakainuka, wakazikanyaga, na kila iliyopasuka ikamtoa mpangaji wake. Mjumbe mmoja alinyanyua soli yake, akaitazama, akakaa chini. Bwana harusi, mwanamume wa kifua kipana, alitapikia shada la maua.

Mimi nilikuwa na sahani ya wali mbele yangu. Tangu siku ile sijaweza kuuangalia wali ukaniangalia.

Mkuu alikuja mezani kwetu akitembea taratibu, ameshika kokwa moja ndani ya leso. Hakupandisha sauti.

"Nani aliandaa hizi?"

Shangazi alikuwa anainuka kujibu. Mimi nikamtangulia.

"Ni Shangazi, mama," nilisema. "Mimi natunga tu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, nami sikutaka kumwaibisha."

Nimeshika mifupa yenye nyama iliyooza. Nimetoa konokono waliokufa kwa ukucha. Sijawahi kutoa kitu kinachonuka kama sentensi ile, na ilitoka kinywani mwangu laini, bila kukwama.

Shangazi alinitazama. Nilidhani atasema. Badala yake alimgeukia Mkuu, akasimama vizuri kwenye mguu wake mbovu. "Mtungi ni wangu, mama," alisema. "Kama kuna mdudu, kosa ni langu. Naomba radhi." Akamfuata na bibi harusi ili amwombe radhi, wakamfungia mlango.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa tatu, akautoa uzi, akaupeleka dirishani. Akahesabu kwa macho. Akafumba macho, akahesabu kwa vidole.

"Manne," alisema. "Mimi nakumbuka moja. Nilifunga moja, kisha mguu ukaanza. Ulivyoniambia manne nilishangaa, nikasema labda nimesahau." Aliuzungusha uzi mkononi. "Lakini haya ni mafundo yangu. Na hakuna anayefunga fundo humu ndani ila mimi."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ilikuwa imekaa kwenye kigoda, inatazama vidole vya miguu yake. Nilimwambia amechoka, apumzike.

Kesho yake alichoma kila kitu. Kokwa, mbegu kavu, nyuzi, hata mkeka wa barabarani. Nilimsaidia kupuliza moto. Mbegu zilipasuka pasu pasu, na moshi ulikuwa na harufu ya vidudu vinavyoungua, tamu kidogo, na utamu ule ndio ulionichefua zaidi. Keekee hakuichoma. Alinipa mimi, akasema nina macho mazima.

Baada ya hapo akabadilika. Alikuwa anazima jiko, anatoka, anarudi kulitazama, anatoka tena. Aliniuliza leo siku gani, na nikimjibu anauliza kama nina hakika. Alionja chumvi kwenye mboga mara tatu kwa sababu hakuamini ulimi wake. Mwanamke aliyeweza kukuambia mti gani uliangusha mbegu gani mwaka gani alikuwa sasa anaandika kwenye karatasi, "Nimekwisha kunywa dawa ya mguu."

Nilimtazama akiandika. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Ijumaa Mkuu akanipigia simu. Nilijiandaa kutukanwa. Akaniambia kwamba wajumbe wamekagua ile mikufu kumi na miwili ya wasindikizaji na hawakukuta mdudu hata mmoja, na kwamba utungaji wake ni wa hali ya juu. Darasa bado lipo. Bibi mzee haiwezekani tena, ninaelewa mwenyewe kwa nini. Lakini mimi je?

"Ungeweza kumficha ndugu yako," alisema. "Hukumficha. Chuo kinahitaji mtu mkweli."

Mngependa niwaambie kwamba niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Kwanza nilicheka. Nilisimama uani peke yangu, karibu na majivu ya kazi yake yote, nikacheka kwa furaha kwamba nimepata kazi. Kinyaa kilifuata nyuma, kikichechemea, na kilipofika hakikuondoka. Nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka.

Nikakubali kazi.

Nilipomwambia Shangazi, nilitarajia atalia. Alipiga makofi mawili madogo. "Afadhali haikutoka nje ya nyumba," alisema. "Wafundishe mtungi, mwanangu. Watataka kuanza na vanishi, wote huanza na vanishi. Wewe anza na mtungi."

Kisha akaniomba jambo moja tu. Kabla sijaanza kazi, nimpeleke hospitali ya macho. Hakutaka miwani. Alitaka kujua amekosea wapi.

Ndivyo tulivyojikuta juzi kwenye benchi la chumba cha daktari wa macho, mwanamama kijana, mwenye miwani mikubwa na subira. Alimketisha Shangazi mbele ya bango la herufi. Shangazi akasoma mstari wa juu, wa kati, wa chini. Halafu bila kuulizwa akasoma na maandishi madogo pembeni, jina la kiwanda kilichochapa bango. Daktari akacheka. Akammulika kwa kurunzi jicho la kulia, jicho la kushoto, akaandika, akafunga kalamu.

"Mama, macho yako ni mazima kuliko yangu," alisema. "Nani alikwambia huoni?"

Jasho lilinitoka mgongoni likateremka mpaka kiunoni. Nikajua ndiyo hapa. Atageuka. Atajumlisha moja na moja, na njia ya mwongo huwa fupi.

Shangazi hakugeuka. Alibaki anaitazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Kama macho ni mazima," alisema, "basi ni kichwa."

Akamweleza daktari yote. Mtungi, kitambaa, uzi. Alivyofunga moja na akakuta manne. Aliyaeleza kwa utulivu, kama anayepeleka habari za ugonjwa wa jirani. Akaomba aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari wa wale wanaosahau, na kama kuna nyumba wanakotunzwa watu hao, aandikiwe ya huko pia. Bora aende sasa angali anajua jina lake, kabla hajaacha jiko linawaka siku moja.

"Huyu mtoto amepata kazi," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Ametaabika sana. Sitaki aje aungue ndani kwa ajili yangu."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema barua anaweza kuiandika, na huko nako wangempokea. Ila haandiki kwa neno la mgonjwa peke yake. Ni lazima asikie kutoka kwa mtu anayeishi naye nyumba moja. Akavuta karatasi. Akakizungusha kiti chake mpaka magoti yake yakaelekeana na yangu.

"Wewe unakaa naye," aliniambia. "Hayo mafundo, unafikiri aliyafunga yeye akasahau?"

Shangazi alinigusa gotini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mkavu, wenye vidonda vidogo vya sindano kwenye ncha za vidole.

"Sema tu, mwanangu," alisema. "Mimi sasa nakuamini wewe kuliko ninavyojiamini."

Daktari aliifungua kalamu. Nami nikafungua mdomo.